Taa za simba za Kitengela zina funzo kwetu tunaounda istilahi

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamifu alinijia ofisini akiwa amekunja uso. Anaandika tasnifu kwa Kiswahili kuhusu programu za simu, na alikuwa amekwama kwenye istilahi moja. Wataalamu wa kompyuta wana falsafa isemayo kuwa chombo kibuniwe kwa kuanzia na mtu atakayekitumia: kazi zake, mazingira yake na udhaifu wake. “Prof, hii tutaiitaje?” akauliza. Tulijaribu maneno mawili matatu yaliyotuchekesha wenyewe, kisha tukaandika kwa penseli “usanifu unaomzingatia mtumiaji”. Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili.

Jioni hiyo nilirejea nyumbani Kitengela, na kabla ya kulala nikatoka nje kama ilivyo ada yangu. Ng’ambo ya mashamba, upande wa mbuga, kuna boma ambalo taa zake humetameta usiku kucha. Nimeziona taa hizo kwa miaka mingi. Usiku ule ndipo niliponga’mua kwamba jibu la mwanafunzi wangu lilikuwa likinikonyeza tangu zamani.

Hebu tuikumbuke historia yake. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, na mpaka wake wa kusini haukuzungushiwa ua. Wanyama hutoka na kuingia katika tambarare za Kajiado, na simba huwafuata. Mfugaji anayeishi hapo hulala sikio moja likiwa wazi. Ng’ombe wakiuawa, morani hutoka kulipiza kisasi. Mnamo Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela kwa siku moja baada ya mifugo kushambuliwa. Kila upande ulikuwa unapoteza.

Katika mazingira hayo alikulia Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyekabidhiwa ng’ombe wa babake akiwa bado mdogo sana. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, alianza kutafuta njia ya kuwazuia simba bila kuwaua. Kwanza alitumia moto. Akagundua kwamba mwangaza wake uliwasaidia simba kuona vizuri ndani ya zizi! Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiogopa, siku ya pili wakang’amua kuwa haisogei. Kisha usiku mmoja alizunguka zizi akiwa na tochi, na simba hawakuja. Hapo akaelewa kwamba simba huogopa mwanga unaotembea.

Kijana huyo alikuwa amewahi kuifungua redio mpya ya mamake ili ajue kilichomo, kwa hivyo nyaya hazikumtisha. Alichukua betri kuukuu ya gari, kifaa kinachofanya taa za pikipiki zimemete inapokata kona, swichi na balbu za tochi mbovu, akaviunganisha na kipande cha sola cha kuchaji betri. Balbu zikatazama nje ya boma, zikawaka na kuzimika kana kwamba kuna mtu anayezunguka. Majirani walimwomba awafungie pia, na katika hotuba aliyotoa Marekani mwaka 2013 alisema alikuwa amezifunga katika boma saba. Alikuwa na miaka 13.

Sasa tazama maandishi ya wasomi. Mwaka 1985 John Gould na Clayton Lewis, waliokuwa watafiti wa kampuni ya IBM, walitoa kanuni tatu za kubuni mifumo: wajue watumiaji na kazi zao tangu mwanzo, pima wanavyokitumia chombo chenyewe, kisha rekebisha na ujaribu tena. Mwaka uliofuata Donald Norman na Stephen Draper wakahariri kitabu kilichoipa falsafa hiyo jina lake maarufu. Kule Norway, Kristen Nygaard alikuwa ametangulia katika miaka ya 1970 kwa kushirikiana na chama cha wafanyakazi wa vyuma ili wenye kazi wawe na sauti kuhusu mashine zilizoletwa viwandani. Turere alizifuata kanuni zote tatu: moto, sanamu, tochi, taa. Wahenga walilisema jambo hili kwa ufupi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Taa zile zilipimwa pia. Mwaka 2018 Francis Lesilau na wenzake walichapisha utafiti kuhusu maboma yanayopakana na mbuga ya Nairobi. Walibaini kuwa mashambulizi ya usiku yalipungua katika maboma yenye taa hizo. Walibaini pia kwamba simba walielekea kushambulia zaidi wakati wa mchana. Simba naye hujifunza! Ndiyo maana kanuni ya tatu, ile ya kurekebisha na kujaribu tena, haina mwisho.

Msomaji atauliza, haya yanahusiana vipi na safu ya lugha? Yanahusiana sana, kwa sababu neno nalo ni chombo, na sisi wataalamu wa istilahi tumeunda vyombo vingi pasipo kukilalia kitanda.

Nina ungamo. Miaka mingi iliyopita niliketi katika kamati moja ya kubuni msamiati wa teknolojia. Tulikuwa watu wenye shahada nzito, chai ilikuwa nzuri, na orodha yetu ilijaa maneno yaliyonyambuliwa kwa ustadi. Hatukumwita hata fundi mmoja wa simu. Orodha hiyo imo katika droo yangu hadi leo, na sijawahi kumsikia mtu akitamka hata neno moja kati ya yale tuliyojivunia. Hata maneno yaliyofaulu kuingia vitabuni, kama “tarakilishi” na “rununu”, watoto wetu huyaandika katika insha, kisha wakitoka darasani husema “kompyuta” na “simu”.

Wakati huohuo, watu wa mtaani waliiita simu ndogo yenye tochi “mulika mwizi”. Hakuna kamati iliyokaa. Waliitazama kazi ambayo chombo hicho kiliwafanyia gizani, wakakipa jina. Kampuni za simu nazo zilipoichota lugha inayosemwa, zilieleweka. Kajiado hakuna bahari, lakini kila mchungaji mwenye simu anajua maana ya “okoa jahazi” anapoishiwa na salio. Tangu Januari 2019, kitenzi “fuliza”, ambacho wengi wetu tulikijua kutoka kamusini kwa maana ya kuendelea kufanya jambo bila kukatiza, kimekuwa neno la kila siku la kukopa pale pesa zinapopungua.

M-Pesa yenyewe ni shahidi. Majaribio yalianza mwaka 2005, na nia ilikuwa kuwawezesha watu kulipa mikopo ya shirika la fedha ndogondogo. Watumiaji wakafanya mambo yao: wakatumiana pesa wao kwa wao, na kuwapelekea jamaa walio mbali. Waliokuwa wakiisimamia walikuwa na busara ya kutazama, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilitangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani.

Tuliangalie hilo neno “tuma”. Kutokana nalo tuna “tumia”, na kutokana na “tumia” tuna “mtumiaji”. Kwa asili basi, kutumia chombo ni kukituma kikufanyie kazi. Chombo ndicho kinachotumwa. Lakini mzizi huohuo umetupa pia “mtumwa”. Chombo kikibuniwa vibaya, mambo hupinduka, akawa binadamu ndiye anayetumwa na mashine: bonyeza hapa, rudia, umekosea, anza upya.

Mambo yalipinduka mbele ya macho yangu siku ya soko huko Bissil. Ajuza mmoja alikuwa ameuza mbuzi na kulipwa kwa simu. Hakujua kusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Kijana aliyekuwa dirishani pa kutolea pesa akamwambia kwa upole, “Koko, niambie namba yako ya siri nikubonyezee.” Naye akaitamka, polepole, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. Kijana alikuwa mwaminifu, akamhesabia pesa zake zote. Lakini sisi tuliokuwa nyuma yake tuliisikia namba ile, na sote tulijua simu yake ilibaki na akiba gani.

Nilitikiswa na jambo moja zaidi. Tangu ujanani nimelalamika kwamba Kiingereza kinawafungia nje wasemaji wa Kiswahili. Nilishangilia mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazozungumza Kiswahili. Nilishangilia tena mwaka 2021, shirika la Mozilla lilipoanza kukusanya sauti za Wakenya na Watanzania ili mashine zijifunze kukisikia Kiswahili chetu. Bado nashangilia. Hata hivyo, pale Bissil, Kiswahili ndicho kilichokuwa mlango uliofungwa. Ajuza yule huwaza, huhesabu na kubariki kwa Kimaa. Simu itakayomfaa ni ile itakayomsikiliza kwa lugha yake, na kumwachia siri yake mwenyewe. Ikiwa sisi wapenzi wa Kiswahili hatutalisema hilo, tutakuwa tumejifunza ubaya wa kufungiwa nje na kuufanya kwa wengine.

Wiki mbili zilipotimia, mwanafunzi wangu alirudi. Sikumpa istilahi. Nilimwambia aende Bissil siku ya soko, akae karibu na dirisha lile kuanzia asubuhi hadi jua litue, asikie watu wanavyoomba, wanavyolalamika na wanavyoelekezana. Amefanya hivyo mara mbili sasa, na daftari lake limejaa Kiswahili, Kimaa na Sheng vilivyochanganyika. Tasnifu itachelewa kidogo. Ile istilahi yetu bado imeandikwa kwa penseli.