STYBLO, Karel (1921–1998)

Tabibu na mtafiti wa kifua kikuu, mzaliwa wa Chekoslovakia, ambaye maradhi hayo yalimpata mwenyewe katika kambi ya mateso ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ambaye aliusaidia mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977. Rai yake ilikuwa kwamba hata katika nchi fakiri maradhi haya yatibika, ilimradi kila wilaya iwe na msimamizi, hadubini na daftari. Makohozi hupakwa juu ya kioo na kutiwa rangi, vijidudu vikaonekana vyekundu, vyembamba, katika uwanja wa buluu. Kisha jina la mgonjwa huandikwa, na mstari wake haufungwi mpaka ijulikane amepona, ametoroka au amefariki. Daftari hilo, kwa maoni yetu, lapita dawa zote alizoziagiza.

Ulipozuka UKIMWI, hesabu ziliharibika: wagonjwa waliosajiliwa nchini, takriban 12,000 mwaka 1983, walipita 60,000 miongo miwili baadaye, kwa kuwa VVU hudhoofisha kinga iliyokuwa ikivizuia vijidudu vilivyolala kifuani. Thiasetazoni nayo, dawa rahisi iliyotegemewa sana, ikadhihirika kuwababua ngozi wenye VVU, wengine hata kufa, ikabidi iachwe. Utaratibu wenyewe ulisalimika, na Shirika la Afya Duniani likaueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990.