Herufi za Misri: Jina na Asili Yake

Somo letu la leo ni la historia, na historia yenyewe imo mikononi mwenu sasa hivi. Habari za vita na za wafalme zitakuwa chache tu. Tutazungumza juu ya herufi, hizi hizi mnazozisoma kwenye karatasi, na juu ya nchi ya Misri.

Nina sababu ya kulichagua somo hili. Watu wazima wanaoanza kusoma mara nyingi huniambia, "Bwana, herufi ni mali ya wasomi. Sisi ni watu wa jembe na nyundo, zilitupita zamani." Basi leo tulipime neno hilo, tuone kama lina ukweli.

Kwanza tujue herufi za chapa zilivyotengenezwa zamani, kabla ya kompyuta kuichukua kazi hiyo. Fundi alichukua kijiti cha chuma cha pua, akachonga herufi moja kwenye ncha yake. Aliichonga kinyume, kama uonavyo maandishi katika kioo. Kisha aliigonga ncha hiyo kwa nyundo juu ya kipande cha shaba, ikaacha shimo la umbo lake. Shaba ile ilitiwa katika kalibu, na ndani yake ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni. Ilipopoa, herufi ilikuwa tayari kupakwa wino. Kazi hiyo ilirudiwa kwa kila herufi, kubwa na ndogo, na kwa kila kipimo.

Kila fundi alikuwa na mkono wake. A ya huyu ilikuwa nyembamba, A ya yule nene. Seti moja ya herufi zenye mkono mmoja tutaiita sura ya herufi. Tena, katika sura nyingi mtaona mstari mdogo unaokata mwisho wa kijiti cha herufi, juu na chini, kana kwamba herufi imesimama kwa miguu. Mstari huo tutauita unyayo.

Sasa twende Misri. Mwaka 1798 Napoleon Bonaparte, jemadari wa Ufaransa, aliishambulia Misri. Pamoja na askari wake alichukua wataalamu zaidi ya 150, wa kupima, kuchora na kuandika habari za nchi ile. Mwaka 1799 askari wa Kifaransa waliokuwa wakijenga ngome karibu na mji wa Rashid, ambao Wazungu waliuita Rosetta, walikuta jiwe jeusi lenye maandishi ya namna tatu. Mawili yalikuwa ya Kimisri, na ya tatu ya Kiyunani. Waingereza walipowashinda Wafaransa mwaka 1801 walilichukua jiwe hilo, na tangu mwaka 1802 limekaa katika jumba la makumbusho la British Museum, London.

Michoro ya wataalamu wale ilianza kutolewa vitabuni mwaka 1809. Watu wa Ulaya walipoona mahekalu na sanamu za Misri walishikwa na uchu. Wakataka viti vya Kimisri, taa za Kimisri, hata nyumba za Kimisri. Kitu kilichoitwa cha Misri kilipata mnunuzi.

Wakati huo huo miji ya Uingereza ilikuwa ikijaa viwanda na maduka. Wenye maduka, wenye michezo ya kuigiza na wauza tikiti za bahati nasibu walibandika matangazo ukutani, wakigombania macho ya wapita njia. Herufi za vitabu zilikuwa na nyayo nyembamba kama unywele, nazo hazikuonekana kwa mbali. Basi mafundi wa London wakabuni herufi nene, zenye nyayo nene karibu sawa na vijiti vyenyewe. Zilisimama imara kama mtu aliyevaa buti. Fundi Vincent Figgins alizitoa karibu mwaka 1817, akaziita kwa jina lenye maana ya "za kale". Fundi mwingine, Robert Thorne, alichonga za namna hiyo hiyo. Alipokufa mwaka 1820, karakana yake ilinunuliwa na William Thorowgood, naye akazitoa kwa jina la "za Kimisri". Jina hilo likashika. Hata leo wapiga chapa wa nchi nyingi huziita hivyo.

Je, fundi alitazama maandishi gani ya Misri akapata nyayo zile? Hakuna hata moja. Maandishi ya kale ya Misri ni picha za ndege, macho, mikono na nyoka. Hayana A wala B yenye buti. Na ushahidi mwingine ni huu: mwaka 1816 William Caslon wa Nne, naye wa London, alikuwa ametoa herufi zisizo na unyayo hata mmoja, naye akaziita za Kimisri! Herufi zenye nyayo nene ni za Misri, na zisizo na nyayo ni za Misri pia. Hapo twaona wazi kuwa jina lilikuwa la kuuzia tu.

Kumbukeni tena kwamba mwaka huo wa 1816 hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuyasoma maandishi yale ya picha. Elimu yake ilikuwa imepotea zaidi ya miaka 1,000. Mfaransa Jean-François Champollion ndiye aliyetangaza ufunguo wake, mwezi wa Septemba 1822, baada ya kulinganisha majina ya wafalme katika maandishi kama yale ya jiwe la Rashid. Kwa hiyo jina la Misri lilikuwa limekwisha kuuzwa madukani kabla maneno ya Wamisri hayajasomwa.

Jambo hilo lilirudi miaka 100 baadaye. Mwezi wa Novemba 1922 Howard Carter na wafanyakazi wake wa Kimisri waligundua kaburi la Mfalme Tutankhamun karibu na Luxor. Uchu ukaamka upya. Mwaka 1929 kiwanda cha Stempel cha Ujerumani kilitoa sura ya herufi zenye nyayo nene iliyochorwa na Rudolf Wolf, kikaiita Memphis, jina la mji mkuu wa kale wa Misri. Mwaka 1931 kampuni ya Ludlow ya Chicago ikatoa nyingine, iliyochorwa na Robert Hunter Middleton, ikaiita Karnak, jina la hekalu. Ni herufi nzuri, zasomeka vizuri, wala siwalaumu mafundi wake. Lakini kutoka Misri walichukua jina, basi.

Palikuwa na watu wengine waliotaka kuchonga herufi za Misri kwa haki. Baada ya Champollion, wataalamu walihitaji kuchapa vitabu juu ya maandishi yale, nao wakahitaji picha zile zilizotengenezwa kwa risasi. Mmoja wao alikuwa Mwingereza Alan Gardiner, mwandishi wa kitabu kikubwa cha sarufi ya Kimisri kilichotoka Oxford mwaka 1927. Bwana Gardiner aliwaomba mume na mke, Norman na Nina de Garis Davies, wamchoree alama. Hao walikuwa wamekaa miaka mingi Luxor wakinakili picha za makaburi kwa mkono. Hawakubuni kwa kukisia. Walifuata kalamu za waandishi wa Misri wenyewe, kama zilivyoonekana katika kuta za makaburi. Alama zilizochongwa zilizidi 700.

Tazameni ugumu wa kazi hiyo. Katika maandishi ya Misri mna picha ya mbayuwayu, nayo huandika neno "kubwa". Mna pia picha ya shomoro, nayo huwekwa kwenye maneno ya udogo na ubaya. Ndege hawa wawili hufanana sana. Tofauti yao ni mkia: wa mbayuwayu una panda, wa shomoro ni wa mviringo. Fundi akikosea mkia mdogo kuliko punje ya mchele, mtu mkubwa hugeuka mtu mbaya. Hata ninyi mmeyaona mambo hayo: h ikifupishwa kijiti chake huwa n. Kwa hiyo anayechora herufi hana budi kujua kwanza msomaji hutazama nini.

Kazi hiyo haikupotea. Mwaka 2009 alama 1,071 za Misri ziliingizwa katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, na msingi wake mkubwa ni orodha ya Gardiner.

Sasa twafika kwenye kiini cha somo. Bwana huyo huyo Gardiner alifumbua jambo lingine, nalo latuhusu sisi zaidi.

Katika rasi ya Sinai, upande wa mashariki wa Misri, pana mlima uitwao Serabit el-Khadim. Zamani Wamisri walichimba feruzi huko, lile jiwe la buluu la mapambo. Miongoni mwa wafanyakazi walikuwamo watu wa nchi jirani za mashariki, wenye lugha ya ukoo mmoja na Kiarabu na Kiebrania. Mwaka 1905 mchimbuzi Flinders Petrie aliona huko mawe yenye alama za ajabu. Zilifanana na picha za Misri, lakini zilikuwa chache, hazikufika hata 30, na zilichorwa ovyo ovyo. Wataalamu huzikadiria kuwa na umri wa miaka 3,500 hadi 3,800 hivi.

Mwaka 1916 Gardiner alionyesha siri yake. Aliona kundi la alama nne likirudiwa mara kwa mara: nyumba, jicho, fimbo ya kuswagia ng'ombe, na vijiti viwili vilivyokingamana. Akachukua sauti ya kwanza ya jina la kila kitu katika lugha ya wafanyakazi wale, akapata neno Baalat, maana yake "Bibi". Ndivyo walivyomwita mungu wa kike wa mlima ule, ambaye Wamisri walimwita Hathor.

Njia yao ilikuwa rahisi. Chora kitu, kisha chukua sauti ya kwanza ya jina lake. Tujaribu kwa Kiswahili. Kisu kiwe K, ufagio uwe U. Sasa choreni kisu, ufagio, kisu, ufagio. Mmeandika "kuku"!

Waandishi wa Misri walisomea kazi yao miaka mingi, wakajua mamia ya alama, nao walikuwa wachache sana katika nchi. Wataalamu wengine, kama Orly Goldwasser, husema waliobuni herufi za Sinai hawakujua kabisa kuyasoma maandishi ya Misri. Waliona picha, wakazipa sauti za lugha yao wenyewe. Wengine hawakubaliani naye, wakisema wabunifu lazima walikuwa na elimu kidogo. Lakini wengi wanakubali kwamba kutoka alama hizo ndipo zilipotoka herufi zetu.

Geuzeni ukurasa huu juu chini, mtazame A kubwa. Mwaona kichwa cha ng'ombe na pembe zake mbili? Neno lao la ng'ombe lilikuwa alp. M ilikuwa mawimbi ya maji, na kwa bahati neno letu la maji nalo huanza kwa sauti hiyo hiyo. O ilikuwa jicho. R ilikuwa kichwa, neno la ukoo mmoja na Kiarabu ra's, tulilopata kwalo "rasi", kichwa cha nchi kinachoingia baharini. B ilikuwa nyumba, bayt, na washairi wetu huliita fungu la shairi "beti" kutokana na neno hilo hilo la Kiarabu.

Kutoka kwa watu hao herufi zilifika kwa Wafoinike, wafanya biashara wa pwani ya Lebanoni. Kutoka kwao zikashika njia mbili. Njia moja ilikwenda kwa Wayunani, kisha kwa Warumi, ndiyo A na B mnazojifunza. Njia ya pili ilipita kwa Waaramu na Wanabatea, ikazaa herufi za Kiarabu, alifu na be, ambazo watu wa pwani yetu waliziandikia Kiswahili kwa karne nyingi. Kwa hiyo aliyesoma chuoni kwa alifu na anayesoma darasani kwa A wanatumia mali ya babu mmoja.

Basi turudie neno letu la mwanzo. Herufi za London zilizoitwa za Misri hazikutoka Misri. Herufi zetu, ambazo hakuna aziitaye za Misri, ndizo zilizoanza kwa picha za Misri. Tena baadhi ya kumbukumbu za mwanzo za herufi hizo zimekutwa machimboni, penye watu wa nyundo na vumbi, wageni katika nchi ya watu, waliotaka kuandika jina la Bibi wao kwenye jiwe. Anayeshika kalamu baada ya kazi ya mchana hajaingia katika shamba la watu.

Kwaherini, na mkutane na mwalimu wenu kwa maswali haya:

1. Kwa nini mafundi wa London walitaka herufi zenye nyayo nene?
2. Mbayuwayu na shomoro walitofautishwaje, na kwa nini jambo hilo ni muhimu?
3. Chagueni vitu vitano vya nyumbani, mvichore, mchukue sauti ya kwanza ya kila kimoja. Mwaweza kuandika maneno gani kwa picha hizo?
4. Jadilianeni: ni vitu gani vingine madukani vilivyopewa jina la nchi au mji ambao havikutoka huko?