Mwanamke na Mamlaka ya Nafsi Yake katika Nchi ya Mara

Historia ya mwanamke katika nchi ya Mara imezoea kuandikwa kama historia ya mtu aliyetendwa: aliolewa, alitolewa mahari, alirithiwa. Habari hizo ni za kweli, lakini si habari zote. Katika insha hii twauliza swali moja: ni wakati gani mwanamke wa nchi hii aliweza kusema yeye mwenyewe kuwa ni nani, na kwamba mwili wake ni wa nani?

Tuanzie Ikizu, katika wilaya ya Bunda. Wazee wa Waikizu husimulia kwamba utemi wao ulianzishwa na mwanamke, Nyakinywa, aliyetoka upande wa Usukuma akiwa na maarifa ya mvua. Alikutana na mwindaji Isamongo, mwenye siri ya moto. Walishindana, kisha wakapatana na kuoana, na utemi ukawa wa Nyakinywa. Masimulizi hayo hayana tarehe. Lakini hata tukiyachukua kuwa mfano tu, yana maana kubwa. Ndoa ile haikuwa ya mtu na mali yake. Ilikuwa mapatano ya watu wawili, kila mmoja akiwa na kitu ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Tukielekea kaskazini, kwa Wakurya na baadhi ya majirani zao, twakuta desturi ya namna nyingine iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa ng'ombe wa mahari akaoa msichana. Baina yao hapana mapenzi ya kimwili. Msichana huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya yule aliyetoa ng'ombe. Sababu yake ni dhahiri. Kwa mila, mali ya nyumba hupitia kwa wana wa kiume. Na sheria za kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 nazo zilimnyima mjane fungu katika urithi wa mumewe, maadamu marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Mwanamke asiye na mwana alikuwa karibu ya kufutika. Kwa ng'ombe wake akajifanya mwenye nyumba, na jina lake likaendelea.

Wako wausifuo mtindo huu kuwa ni uhuru wa mwanamke. Twakubali, lakini nusu tu, kwa kuwa katika ndoa hiyo wamo wanawake wawili. Baadhi ya vijana wameingia kwa hiari, wakitaka kuepuka kipigo cha mume na kupata nafasi ya kumchagua wenyewe mwanamume wa kuzaa naye. Wengine wametolewa wangali watoto, kwa sababu baba alihitaji ng'ombe, na hata mwanamume wamechaguliwa. Hapo uhuru wa mama umenunuliwa kwa mwili wa binti. Wala sheria haimfai sana binti huyo: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaitaja ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, na ndoa yake haimo.

Sheria hiyo hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba ruhusa hiyo yapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu.

Tumalizie Butiama, alikozaliwa Julius Nyerere, ambaye angali mwanafunzi wa Makerere katika miaka ya 1940 aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 umekatazwa na sheria tangu mwaka 1998, lakini haujakoma. Ndiyo maana Butiama, kama Mugumu, pamekuwa na nyumba ya kuwahifadhi wasichana wanaotoroka makwao ifikapo Desemba, msimu wa kukeketwa. Msichana atembeaye usiku kuikimbilia nyumba hiyo hana mvua wala ng'ombe. Ana neno moja tu: sitaki. Nyakinywa alikuwa na elimu ya kumpa heshima, na mjane alikuwa na mali. Huyu anadai nafsi yake bila ya kutoa kitu chochote badala yake, na hilo ndilo jambo jipya katika historia yetu.