Mchezo Usiomngoja Mchezaji

Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza kuunda mfumo wa Unix katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1969, mtu alizungumza na kompyuta kwa teletaipu: mashine ya vitufe iliyopiga chapa juu ya karatasi. Kompyuta ilikuwa ghali, na kuikatiza kazi kwa ajili ya kila herufi kulikuwa hasara. Basi mfumo ulizishika herufi kando mpaka mstari utimie, ndipo ukaikabidhi programu. Faida nyingine ilikuwa kusahihisha: alama ya # ilifuta herufi moja, na @ ilifuta mstari mzima, ingawa karatasini makosa yalibaki yakionekana.

Kwa mwandishi wa barua desturi hiyo ni neema. Kwa mchezaji ni pingu. Lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991, iliirithi. Mwanafunzi atungaye mchezo wa nyoka akitegemea amri ya input() humwona nyoka wake amesimama kimya, akingoja mstari ukamilishwe. Wengi huilaumu lugha, kumbe lawama ni ya karatasi iliyokwisha kutupwa zamani.

Pingu hiyo ilifunguliwa kwa hatua mbili, wala hazifai kuchanganywa. Hatua ya kwanza ni kuipata herufi bila kungoja mstari. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970, Bill Joy aliihitaji kwa kihariri chake, vi. Na humo Ken Arnold alichota msingi wa maktaba ya curses, iliyotumiwa na mchezo wa Rogue. Lakini Rogue nao ulingoja: zimwi halikusogea mpaka mchezaji asogee.

Hatua ya pili ni mchezo kuendelea hata herufi isipokuja. Mwaka 1983 toleo la 4.2BSD lilileta amri ya select, iulizayo kama kuna kilichofika. Muda wa kungoja ukiwa sifuri, jibu huja papo hapo. Leo Python huziunganisha hatua hizo kwa moduli za termios, tty na select; katika Windows kazi hiyo hufanywa na msvcrt.

Uhuru huo una wajibu wake. Programu iliyobadili tabia ya terminali haina budi kuirudisha kabla ya kuondoka, hata ikiwa imeanguka kwa kosa. Isipofanya hivyo, ajaye baada yake huandika asione aandikacho, na mchezo wa mmoja huwa adha ya mwingine.