Kutoka Ubao wa Chuoni hadi Wino wa Elektroniki: Historia Fupi ya Vibao vya Kuandikia

Swali moja limekuwa likirudi katika idara nyingi za lugha: je, mwanafunzi anayetaka kuandika madokezo ya masomo anunue kibao cha wino wa elektroniki au kishikwambi cha kazi nyingi? Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa bei na rangi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba lina historia yake, na kwamba anayeijua historia hiyo huchagua vizuri zaidi. Kifaa kimoja huweza kugharimu karo ya miezi kadhaa. Si jambo la kubahatisha.

Vibao vya kale

Kuandika juu ya kibao si jambo geni. Warumi waliandika kwa kalamu yenye ncha juu ya mbao zilizopakwa nta, kisha wakailainisha nta na kuandika upya. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu mwanafunzi aliandika aya kwa wino juu ya ubao. Alipokwisha kuihifadhi, ubao ulioshwa kwa maji na somo jipya likaanza. Shule za karne ya 19 nazo zilitumia vibao vya jiwe jeusi. Vibao hivi vyote vilikuwa na sifa moja: viliandikika tena na tena, lakini havikuweka akiba. Kilichofutwa kilibaki kichwani au kilipotea. Karatasi iliweka akiba, ila haikufutika kwa urahisi na ilikuwa na gharama. Hivyo basi, haja ya kupata kitu kinachofutika kama ubao na kuhifadhi kama daftari ni ya zamani mno.

Njia mbili kutoka nyumba moja

Jambo la kustaajabisha ni kwamba vifaa vyote viwili tunavyolinganisha vina asili katika maabara moja, ile ya Xerox huko Palo Alto, California. Mwaka 1972 Alan Kay alieleza wazo la Dynabook, kompyuta bapa ya kubebwa na mtoto kama kitabu. Haikutengenezwa, lakini wazo lilibaki. Katika miaka hiyo ya 1970, hapo hapo, Nicholas Sheridon alibuni Gyricon, karatasi ya umeme yenye vipira vidogo sana, nusu vyeusi na nusu vyeupe, vinavyogeuzwa kwa umeme.

Njia ya Kay ilipitia GRiDPad ya mwaka 1989 na Newton ya kampuni ya Apple ya mwaka 1993. Newton ilijaribu kusoma mwandiko wa mtu, ikakosea mara nyingi hata ikafanyiwa mzaha, na mwaka 1998 ikaachwa. Mwaka 2010 ikatoka iPad, ambayo ilitegemea kidole. Kalamu yake rasmi ilifuata mwaka 2015.

Njia ya Sheridon ilichukua mkondo mwingine. Mwaka 1997 Joseph Jacobson wa chuo cha MIT na wenzake walianzisha kampuni ya E Ink. Wino wao ni vifuko vidogo sana, vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzivuta chembe juu au chini, kisha huzimwa, na maandishi hubaki palepale. Ndiyo sababu betri hudumu kwa siku nyingi, na kioo husomeka hata juani. Kisomeo cha Librie cha Sony kilitoka Japani mwaka 2004, na Kindle mwaka 2007. Mwaka 2006 kampuni ya iRex ya Uholanzi ilitoa iLiad, iliyoandikika kwa kalamu. Mwaka 2010 kampuni hiyo ikafilisika. Ni reMarkable ya Norwe, mwaka 2017, iliyovipa vibao hivi umaarufu.

Kuhusu istilahi

Neno kishikwambi lilienea sana Tanzania wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipotumia vifaa hivyo, ambavyo baadaye viligawiwa walimu. Sisi tulio nje ya Tanzania tunalisikia sambamba na tableti. Tunapendekeza kishikwambi kitumike kwa kifaa cha kazi nyingi, na kibao cha wino kwa hicho kingine, ili wanafunzi wasivichanganye.

Uchaguzi wenyewe

Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliodai kwamba wanaoandika kwa mkono huelewa dhana vizuri kuliko wanaochapa kwenye kompyuta, kwa kuwa wachapaji hunakili neno kwa neno. Majaribio yaliyorudiwa baadaye, mwaka 2019 na 2021, hayakuthibitisha tofauti hiyo kwa uhakika. Tena yalilinganisha hasa karatasi na kompyuta. Kwa hiyo tusimwahidi mwanafunzi kwamba kalamu pekee itamfaulisha.

Kwa mtu wa lugha, tofauti iko katika kazi. Anayesoma riwaya na kuandika pembezoni, au anayekaa palipo na umeme wa kukatikakatika, atafaidika na kibao cha wino. Aidha, kwa kawaida hakuna ujumbe utakaomkatiza. Lakini anayefundisha matamshi, kurekodi mazungumzo au kutazama tamthilia, kibao cha wino hakitamtosha: vingi havina spika, na kioo chake ni kizito kubadilika. Mwenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, kwa maoni yetu, aanze na kishikwambi chenye kalamu.

Hata hivyo, Newton na iLiad zinatufunza kwamba kifaa hufa na kampuni hufilisika. Chochote utakachochagua, hamisha madokezo yako mara kwa mara katika faili za PDF na uyaweke mahali pengine. Mwanafunzi wa chuoni aliosha ubao baada ya kuhifadhi. Nasi tuhifadhi kwanza.