Baiskeli za Mlimani na Vijia vya Msituni: Habari ya Majira ya Kupukutika Majani

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha tafsiri anaufahamu mtego wa neno "vuli". Mara nyingi neno hilo hutolewa kama jina la majira yale ya nchi za kaskazini ambapo majani hubadilika rangi na kupukutika. Wanafunzi wetu hulipokea, hulikariri, kisha hushangaa kusoma kwamba watu wa Marekani "wakati wa vuli" hukusanya majani makavu kwa reki. Kwani vuli waijuayo watu wa pwani ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, na wakati huo watu wamo mashambani wakipanda. Tuliwahi kubishana juu ya jambo hili katika chumba cha walimu hata kengele ikatukuta hatujapatana. Katika makala haya twapenda kulitazama kwa upande mwingine, yaani kwa historia ya mchezo uliozaliwa katika majira hayo hayo: mchezo wa kupanda baiskeli milimani, pamoja na kazi ya kuvitunza vijia vya msituni ambavyo bila yake mchezo wenyewe haupo.

Tuanze na tarehe 21 Oktoba 1976. Mahali ni wilaya ya Marin katika jimbo la California, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitoka San Francisco. Hapo pana mlima uitwao Tamalpais, wenye kimo cha mita 780 hivi, ambao kwa mtu aliyezaliwa chini ya Rwenzori ni kilima tu. Siku hiyo, juu ya mji mdogo wa Fairfax, vijana wachache walikusanyika penye barabara ya udongo iliyochongwa kwa ajili ya wazima moto. Barabara ile huteremka kiasi cha mita 400 katika mwendo wa kilomita tatu na nusu hivi. Walishuka mmoja mmoja wakipimwa kwa saa. Mshindi alikuwa Alan Bonds, na inasimuliwa kwamba alishinda kwa sababu moja rahisi: wenzake wote walianguka.

Baiskeli zao hazikuwa za mashindano. Zilikuwa vyuma vizito vya miaka ya 1930 na 1940, hasa za kampuni ya Schwinn, zenye matairi manene, ambazo watoto wa zamani walizitumia kugawia magazeti. Vijana wale walizinunua kwa bei ya vitu vikuukuu na kuziita kwa neno ambalo sisi twaweza kulifasiri "mikweche". Breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo hukamatwa kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Katika mteremko ule kitovu kilipata moto hata grisi ikaungua na kutoka moshi, na mtu alipofika chini hakuwa na budi kukifungua na kujaza grisi mpya. Ndiyo maana mashindano yale yakaitwa Repack, yaani "kujaza upya". Twawaachia wasomaji jina hilo kama mfano mwema wa darasani: jina la mahali lililotokana na kazi ya fundi.

Jambo la kuangalia ni hali ya hewa. Katika California kiangazi ni kikavu kabisa, na mvua za kwanza hutazamiwa mnamo Oktoba au Novemba. Kumbe basi huko, katika Marin, neno "vuli" lingekaa vizuri kuliko mahali pengi pa Marekani! Lakini miaka ya 1976 na 1977 ilikuwa ya ukame mkali, hata maji ya kunywa yakapungua wilayani. Vijana walishuka mlimani wakiwa wamefunikwa vumbi jekundu, wakingojea vuli isiyofika.

Mwezi mmoja kabla yake, Septemba 1976, watu wa Crested Butte katika jimbo la Colorado walikuwa wamesafiri kwa mikweche yao wenyewe hadi Aspen kwa kuvuka kipito cha Pearl, kilicho juu ya mita 3,800. Hatuoni haja ya kuingia katika ugomvi wa nani alitangulia. Maana kama ni kutangulia, askari weusi wa Kikosi cha 25 cha miguu waliwatangulia wote kwa karibu miaka 80. Askari hao wa Fort Missoula, Montana, wakiongozwa na Luteni mzungu James A. Moss, walipewa baiskeli mwaka 1896 ili jeshi lijaribu kama zaweza kushika nafasi ya farasi. Mwaka 1897 askari 20 walisafiri kutoka Missoula hadi St. Louis, mwendo wa kilomita 3,000 hivi, wakipita milima, matope, theluji na mchanga, kila mmoja na mzigo wake wa hema na chakula. Walifika baada ya siku 41. Mmoja wao, Sajini Mingo Sanders, alifukuzwa jeshini mwaka 1906 pamoja na askari wengine weusi zaidi ya 160 kwa tuhuma za Brownsville, pasipo kufikishwa mahakamani. Jeshi likalifuta kosa hilo mwaka 1972. Katika vitabu vingi vya mchezo huu watu hawa hupewa sentensi moja, au hawatajwi. Sisi twaona wanastahili zaidi.

Turudi Marin. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kuunda fremu mpya kwa ajili ya milima badala ya kuchokonoa vyuma vya zamani. Akatengeneza kumi za kwanza, na moja imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara kwa fremu zilizoundwa na Tom Ritchey. Miaka miwili baadaye kampuni ya Specialized ikaanza kuziuza kwa wingi. Kutoka hapo mambo yakaenda mbio: mashindano ya dunia Durango mwaka 1990, Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996.

Lakini wingi wa baiskeli ulileta swali ambalo wale vijana wa 1976 hawakuliuliza: njia ni ya nani? Waendao kwa miguu na wapanda farasi walilalamika kwamba baiskeli huwashtua penye kona na kuchimba udongo. Katika Marin kwenyewe, kitovu cha mchezo, baiskeli zilizuiwa katika vijia vyembamba zikabakiziwa barabara za wazima moto. Mwendo ukawekewa mpaka wa maili 15 kwa saa, na walinzi wakasimama na vyombo vya kupimia. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda mapori ilikuwa imekataza vyombo vya kimashine. Mwaka 1984 Idara ya Misitu ikaeleza wazi kwamba baiskeli imo. Mwaka 1988 vyama vya wapanda baiskeli vya California vikaungana, na hapo ukatokea ushirika wa kimataifa wa IMBA. Shabaha yake haikuwa mashindano. Walitambua kwamba anayetaka kuruhusiwa kupita njiani sharti aonekane na jembe mkononi.

Na hapa ndipo penye elimu hasa. Adui wa kijia ni maji kuliko gurudumu. Kijia kikishuka mlimani moja kwa moja, maji hukigeuza mfereji, na baada ya mvua chache kijia kimekuwa korongo. Kwa hiyo wajenzi hushika kanuni ya nusu: mwinamo wa kijia usizidi nusu ya mwinamo wa ubavu wa mlima unaokatwa. Tena wastani wake usizidi asilimia kumi. Ukingo wa chini uinamishwe kidogo ili maji yatoke. Na kila baada ya mwendo fulani kijia kishuke kidogo kisha kipande, maji yapate mahali pa kukiacha. Wasomaji wa Kabale na Musanze, waliokulia kwenye matuta, hawahitaji maelezo marefu.

Sasa katika majimbo ya kaskazini-mashariki, kama vile Vermont na Massachusetts, majira haya ni ya kupukutika kwa kweli. Majani ya mti ule uliochorwa katika bendera ya Kanada huwa mekundu, kisha huanguka yote kwa majuma machache. Hufunika mizizi na mawe hata mpandaji asione anachokanyaga, tena huziba mitaro, na maji yakikosa kutoka hukaa njiani. Basi Oktoba watu wa kujitolea huingia msituni na reki, sururu na misumeno. Husafisha mitaro na kukata miti iliyoanguka. Wapo wasemao majani yasiondolewe, kwa kuwa hukinga udongo usipigwe na matone. Wengine hujibu kwamba hufuga unyevu na kuleta matope. Sisi twaelekea upande wa kwanza, ila mitaro isafishwe. Ikifika Novemba ardhi huganda usiku na kuyeyuka mchana. Hapo heri kuiacha baiskeli nyumbani, kwa sababu tairi moja katika udongo ule huacha alama itakayodumu hadi mwaka ujao.

Kwetu kazi za namna hii si ngeni. Buganda wana bulungi bwansi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifyeka barabara na kusafisha visima. Rwanda wana umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Zaire ya zamani ilikuwa na salongo. Tofauti ni kwamba kwetu mara nyingi kazi hiyo iliamriwa na mkubwa. Wale hawana mkubwa wa kuwaamuru, lakini vilevile hawana ardhi.

Kukosa ardhi huko si jambo dogo. Mwaka 2003 chama cha NEMBA cha New England kilichangisha fedha kikanunua ekari 47 za msitu huko Milford, Massachusetts, ili vijia visimezwe na nyumba. Kijiji cha East Burke, Vermont, kilishika njia nyingine. Tangu 1994 shirika la Kingdom Trails limeunganisha vijia vinavyopita katika mashamba ya watu binafsi karibu mia moja, kwa ridhaa yao tu. Wageni wakaongezeka hata kupita laki moja kwa mwaka, katika mji wenye watu wasiofika elfu mbili. Wenyeji wakachoshwa na magari, na waendesha baiskeli waliozuia njia pasipo kuomba radhi. Desemba 2019 wenye mashamba watatu walizuia baiskeli katika ardhi yao. Vijia vya kilima cha Darling, vilivyopendwa kuliko vyote na vilivyounganisha vingine, vikakatika vipande, na ramani ikalazimika kuchorwa upya kabla ya msimu uliofuata.