Uwanja Ulipofungwa, Timu Ilibaki



Mwaka 2020 ulitukuta sisi wa Kivu ya Kaskazini tungali katika msiba. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni. Kutoka hapo ilipita Butembo na Katwa, ikaligusa hata eneo la afya la Kayna. Kabla haijatangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki. Katikati ya maombolezo hayo, tarehe 10 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 alitangazwa Kinshasa. Siku nane baadaye Rais Tshisekedi alifunga shule, akasimamisha ibada na michezo, akakataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Timu moja ya mpira ina wachezaji 11. Timu mbili zikikutana, wamekwisha kuwa 22.

Basi, chama kilichojengwa juu ya kuwakutanisha vijana uwanjani hufanya nini siku ambayo kukutana kwenyewe kumekatazwa? Jibu tunaweza kulitafuta katika historia ya vyama viwili vya Nairobi, nchini Kenya. Vyote viwili vilianza kwa mpira katika mitaa ya watu maskini, na kila kimoja kilikabiliwa na ugonjwa ulioikumba dunia nzima.

Cha kwanza ni chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa kifupi kama MYSA. Kilianzishwa mwaka 1987, na mwanzilishi wake, Bob Munro, alikuwa raia wa Kanada. Katika Mathare ya siku hizo watoto walicheza mpira wa matambara na karatasi za plastiki kando ya marundo ya taka ambayo hakuna aliyeyazoa. Mvua ziliponyesha, taka ziliziba mifereji, maji machafu yakaingia nyumbani, na watoto wakaugua. Mapatano ya mwanzo yalikuwa mepesi kueleweka: ninyi safisheni mtaa, nasi tutawaandalia mashindano. Baadaye mapatano hayo yakawa sheria ya ligi. Timu iliyoshinda mechi ilipata pointi 3, na timu iliyokamilisha kazi ya usafi ilipata pointi 6. Hivyo timu hodari kwa mabao ambayo ilikwepa koleo na toroli iliweza kupitwa katika msimamo na timu dhaifu iliyozoa taka kwa uaminifu.

Sheria hiyo ilileta matunda ambayo hayakuonekana siku ya kwanza. Kijana aliyezoea kushika koleo pamoja na wenzake alijifunza kwamba jezi yake ina deni kwa mtaa. Nahodha alizijua nyumba za wachezaji wake, akajua nani ana mama mgonjwa na nani hakula jana. Mwaka 1994, Ukimwi, ambao wengi huku kwetu huuita Sida, ulipokuwa ukiwachukua wazazi na vijana, MYSA haikuhitaji kuanza upya. Iliwafundisha wanamichezo wake wenyewe kuwa waelimishaji wa vijana wenzao. Mazungumzo ambayo wazee wengi waliyaonea haya yakafanyika uwanjani, kati ya watu wa rika moja waliokuwa wakiaminiana tayari. Miaka mitano ilipita kabla serikali ya Kenya haijautangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, mwaka 1999.

Hata hivyo tusizichanganye nyakati. Ukimwi haukuwazuia vijana kukusanyika. Uliwadai wabadili maneno yanayosemwa uwanjani. Covid-19 iliuondoa uwanja wenyewe. Kwa hiyo mfano wa pili unahitajika, nao tunaupata Kibera, mtaa mwingine wa Nairobi.

Huko, mwaka 2004, kijana wa Kibera aitwaye Kennedy Odede alinunua mpira kwa senti chache alizozipata kazini. Aliwakusanya wenzake wacheze, na baada ya mchezo wakazungumza juu ya mtaa wao: fujo, uchafu, mateso ya wasichana. Kundi hilo likawa chama cha SHOFCO. Mwaka 2009 kilifungua shule ya wasichana wa Kibera bila karo. Baadaye kikaleta maji safi kwa mabomba yaliyoinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu mabomba yaliyopita chini yalichafuliwa na maji ya mitaro.

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Covid-19. Shule zilifungwa, na kuanzia tarehe 27 Machi ikakatazwa kutembea usiku. Watu waliambiwa wakae nyumbani na wanawe mikono mara kwa mara. Huko Kibera, ambako jamaa nzima huweza kulala katika chumba kimoja na maji hununuliwa kwa dumu, maagizo hayo yalikuwa mazito kuyatimiza. Aliyeishi kwa kibarua cha siku hakuweza kukaa ndani akala. Chama kilichozaliwa na mpira wa senti chache kikageuza njia zake zote zielekee hitaji hilo. Kiliweka vituo vya kunawia mikono vichochoroni, kikagawa sabuni, kikatuma wahudumu wa afya wa mtaa nyumba kwa nyumba, kikazisaidia jamaa zilizopoteza riziki. Maji yaliyowekwa miaka kadhaa kabla, bila mtu kuwaza habari za korona, yakawa kinga ya wakati huo.

Hapo ndipo historia ya Mathare inapokutana na ile ya Kibera. Katika janga, kila chama kilitumia kilichokuwa kimekwisha wekwa tayari: orodha ya majina, mazoea ya kazi, imani ya majirani. Vitu hivyo havinunuliwi siku ugonjwa unapobisha hodi.

Sisi wa Butembo na Beni tuna sababu ya pekee ya kulielewa hilo. Wakati wa Ebola chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 waliipokea. Kilichopungua mara nyingi kilikuwa kuaminiana. Watu waliokwisha umizwa na mauaji ya miaka mingi waliwaona wageni wakishuka kwenye magari makubwa, wakawaogopa. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa akiwa kazini hospitalini mjini Butembo. Mgonjwa aliyejificha kwa hofu aliwaambukiza wauguzaji wake, na wale waliomzika wakafuata. Katika hali ya namna hiyo, kijana anayejulikana kwa jina la baba yake na kwa namba ya jezi yake huweza kufunguliwa mlango ambao mgeni mwenye dawa hufungiwa.

Tusiseme kwamba mpira huponya. Hauponyi, wala hauwezi kuchukua nafasi ya muuguzi na maabara. Tena timu ambayo haikuwahi kutumika wakati wa afya haitageuka kuwa ya watumishi kwa sababu ugonjwa umetangazwa redioni. Vijana wa Mathare walikuwa na miaka saba ya koleo kabla ya kusimama kusema habari za Ukimwi.

Leo viwanja vyetu hufungwa na mambo mengi kuliko ugonjwa. Vita vimewatawanya wachezaji kutoka Kanyabayonga, Kayna na Kirumba. Wengine wamelala katika madarasa ya shule na nyumba za watu wasiowajua. Timu ya parokia yaweza kujiuliza mambo machache ya wazi. Je, tunayo orodha ya wachezaji wetu wote, pamoja na mahali wanapolala sasa? Je, nahodha anajua nyumba yenye mgonjwa? Je, katika msimu uliopita tulifanya kazi gani ya mtaa: chemchemi, mfereji, kuni za mjane? Na katika mashindano yetu, kazi hiyo ilipewa pointi ngapi?

Swali la mwisho lisipuuzwe. Mathare walilijibu kwa hesabu: pointi 3 kwa ushindi, 6 kwa usafi. Kamati ya michezo inaweza kuliandika jambo hilo katika sheria zake kabla ya mechi ya kwanza ya msimu ujao, na gharama yake ni kalamu na karatasi.